Debe la Kelele

Jongoo alikuwa na miguu mia mbili na arobaini, na katika miaka saba ya kazi yake hakuna hata mguu mmoja uliowahi kumkanyaga mtu. Watu wa jiji la Bondwa walilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyemkimbia. Walisimama kando na vikombe vyao vya chai, wakamtazama anavyokula mto.

Ulikuwa mtambo mrefu kama mabasi sita yaliyofungwa kichwa kwa mkia, wa chuma cha rangi ya udongo. Ulitembea ndani ya kijito chenyewe, ukitoka bondeni kupanda mlimani. Mdomo wake ulizoa mawe, matope, mizizi na magugu, na tumboni vyote vikasagwa na kuchanganywa na saruji hai, ile saruji yenye vijidudu ndani yake, inayokauka kwa dakika na kuziba nyufa zake yenyewe. Huko mkiani likatoka bomba jeusi, lina moto kama andazi linaloopolewa, na juu ya bomba njia ya waenda kwa miguu, mistari yake imeshachorwa. Palipokuwa na mto wakati wa chai, wakati wa chakula cha mchana palikuwa na njia. Maji yalipita chini, gizani, kimya.

"Kitendawili!" akapaza sauti mwanamke mmoja aliyekaa juu ya jiwe katikati ya kijito, miguu majini, mbele kabisa ya mdomo wa Jongoo.

"Tega!" wakamjibu wanawake wa ng'ambo.

"Mnyama wangu hunywa mto mzima na hakojoi."

Wakacheka. Mwanamke huyo aliitwa Sikudhani binti Mkude, umri wake miaka sitini na mitatu, elimu yake darasa la saba, na hakuwa anacheka. Jongoo alipomfikia hatua tano alisimama, ubavu ukafunguka, ikatoka mikono miwili mirefu iliyovikwa kitu laini kama godoro. Watu waliiita mikono ya pamba.

"Mama, samahani kwa usumbufu," Jongoo akasema kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. "Ninakusogeza kwa usalama wako."

Ikamnyanyua kama mtoto mchanga, ikamweka ukingoni, ikarudi kuchukua ndala zake, ikaziweka karibu naye, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto.

"Mara ya ngapi hiyo?" akauliza Bi Somoe, jirani yake, muuza vitumbua, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Ya nne."

"Mh! Mbona inakubeba vizuri kuliko marehemu mumeo?"

"Somoe, leo usinichekeshe. Leo nina hasira."

Akazivua ndala, akarudi majini.

Sasa, asije mtu akadhani jiji lile lilikuwa na roho mbaya. Miaka minane nyuma mvua kubwa iliporomoka milimani usiku na mchana, vijito vikavimba, vikaondoka na nyumba na waliomo. Baraza la Jiji likaapa kwamba mto hautaua mtu tena Bondwa. Kwa hiyo likamleta Jongoo. Vijito kumi na viwili vilikuwa vimeshaingia bombani. Uliobaki ulikuwa huu wa kumi na tatu, Mlulu. Ila Mlulu hauna historia ya kuua. Kingo zake zina miti ya asili hadi juu, na mafuriko yalipita kwake kama mgeni mwenye adabu. Baraza halikujali hilo, kwa sababu kumi na viwili ni hesabu pungufu kama vijito ni kumi na vitatu.

Kitu kimoja tu kingeweza kuuokoa, nacho ni Sheria ya Wageni. Nchi nyingi zilikuwa zimekubaliana kwamba kijito chochote cha nchi za joto kinachowapa hifadhi ndege ishirini au zaidi wanaokimbia theluji ya kaskazini kisiguswe. Kuwahesabu hao wageni hakukuwa kazi ya binadamu. Ilikuwa kazi ya Msikizi. Msikizi alikuwa akili unde yenye masikio elfu kumi na mbili, kila sikio dogo kama punje ya buni, yamebandikwa kwenye magome ya miti na nguzo za taa jiji zima. Alisikia popo, alisikia vyura, alisikia mdudu akitafuna jani. Na wiki iliyopita, kwenye kikao cha mtaa, karani alisoma taarifa yake: "Kijito cha Mlulu. Wageni waliosikika msimu huu: sifuri."

Sikudhani alikuwepo kikaoni. Alisimama aseme, kisha akakaa. Kwa sababu palepale alielewa kosa limetoka wapi, na kosa lilikuwa lake.

Kingo za Mlulu ni ardhi ya ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Tangu anajua kusimama aliwaona wale ndege. Kila vuli inaponusa nusa kuja, kabla hata wingu halijasema kitu, wanafika: wembamba, mgongo wa kijivu, tumbo la manjano kama kiini cha yai la kienyeji, na mkia mrefu usiotulia, juu chini, juu chini, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Watu wa Mlulu waliwaita mitikisa. Hawaji kwa kundi. Kila mmoja ana kipande chake cha mto, kutoka jiwe hili hadi mti ule, na mwenzake akivuka mpaka hufukuzwa bila salamu. Mwaka unaofuata hurudi palepale, kwenye jiwe lilelile. Wanawake waliokuwa wakiosha mboga walimjua kila mmoja ndege wa upande wake. "Mgeni ameshafika," mama yake Sikudhani alikuwa akisema, "tupande maharage."

Na mama yake alikuwa na kitendawili cha ndege huyo: mgeni wangu, kwao ni mwimbaji, kwangu ni bubu.

Hakika, kwetu mtikisa haimbi. Huko kaskazini anakotaga ndiko anakoimbia mke na kiota. Huku anakuja kula na kupona. Anasema neno moja tu, kavu, kama kijiti kinachovunjika: tsik.

Sasa, miaka ishirini na miwili iliyopita, Msikizi akiwa bado mchanga, walitafutwa watu wa kumfundisha kusikia. Hawakutakiwa wasomi, yalitakiwa masikio. Sikudhani akaajiriwa katika ukumbi wenye wanawake themanini, kila mmoja na visikizi kichwani, mbele yake vitufe viwili. Sauti zilitoka nchi za kaskazini zikiwa zimerekodiwa majira ya maua. Msimamizi aliwaeleza mara moja tu: "Wimbo ni ndege. Kisicho wimbo ni kelele. Kelele bonyeza chekundu, inakwenda kwenye debe."

Siku ya tatu akasikia tsik. Akanyoosha mkono. "Huyu namjua. Huyu wa kwetu, wa mtoni."

"Mama, hiyo ni waya imegusana. Debe."

Akabonyeza chekundu. Siku ile alibonyeza mara kumi, mwezi ule mara elfu. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na hakutaka ugomvi. Akawa mwepesi kuliko wote, hata mwisho wa mafunzo akapewa cheti, kimeandikwa kwa wino wa dhahabu "Sikio Bora", na tangu hapo kilining'inia sebuleni juu ya televisheni. Msikizi akajifunza vizuri sana kile alichofundishwa. Akajifunza kwamba tsik ni kelele, na tangu hapo kila aliyoisikia mtoni aliitupa debeni.

Alipopeleka malalamiko mtaani aliambiwa malalamiko huchukua siku arobaini. Jongoo alikuwa anakuja baada ya sita. Leo ndiyo ilikuwa ya sita.

"Nani huyo anachezea mtambo wangu?"

Sauti ilitoka ukingoni. Mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, kofia ngumu ya njano, viatu vya matope. Alikuwa Mihayo Kapela, mhandisi wa Jongoo, Mnyamwezi wa Tabora. Akamtazama Sikudhani juu ya jiwe lake, akatabasamu. "Kumbe ni Mluguru! Nikadhani kiazi kimeporomoka kutoka shambani."

Sikudhani akageuka polepole. Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Utani wao ni wa zamani kuliko jiji, kuliko umeme, na mtani akikutukana huruhusiwi kununa.

"Kiazi ni chakula," akajibu. "Wewe mbeba mizigo una faida gani? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka shingo zikazama mabegani. Na wewe leo umekuja kubeba mto wetu?"

"Nasikia nyinyi mkilima mnajifunga kamba kiunoni msidondoke."

"Tunajifunga, ndiyo. Na kamba ikikatika tunaangukia Tabora, tunaoa dada zenu."

Ng'ambo wakapiga makofi. Mihayo akacheka mpaka kofia ikasogea. Kisha akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, kweli, toka hapo. Maji ya baridi hayo."

"Kaa chini nikwambie kitu, mtani. Ukishakisikia, nitatoka mwenyewe."

Akamweleza. Ukumbi, vitufe, debe. Hakuficha lolote. Mihayo alisikiliza akivunjavunja kijiti mkononi, na kijiti kilipovunjika, kutoka chini ya mizizi mita thelathini juu yao, kikajibu kijiti kingine: tsik. Ndege wa tumbo la manjano akaruka jiwe hadi jiwe, mkia juu, mkia chini.

Mihayo akakitupa kijiti. Akainua mkono wenye saa ya mawasiliano. "Msikizi, hilo debe la kelele bado lipo?"

"Lipo, Mhandisi. Sikuwahi kuagizwa kulimwaga." Msikizi alikuwa na sauti ya mwanamke asiye na umri. "Lina sauti milioni mia nne."

"Tafuta sauti moja. Mtikisa. Sikiliza, ndiyo hiyo inayolia sasa. Itakuchukua muda gani?"

"Saa tano na nusu. Na kwa kuwa sauti hiyo nilifundishwa kuwa ni kelele, sheria inataka sikio la binadamu lenye cheti lithibitishe moja baada ya nyingine. Hivi sasa sina mtu wa namna hiyo kwenye orodha. Kazi hiyo ilifutwa."

"Mimi ninacho," Sikudhani akasema. "Kiko juu ya televisheni."

"Anza kutafuta," Mihayo akamwambia Msikizi. Kisha akashusha mkono, na uso ukashuka pamoja nao. "Ila bibi, saa hizi ni saa mbili na nusu. Jongoo atalifikia Jiwe la Kobe kabla ya saa tano. Hapo atakuwa amemaliza robo ya mto. Na robo ikishaingia bombani, kwa sheria huu sio mto tena, ni bomba. Hata ukileta ndege mia."

"Basi msimamishe."

"Hanisikii mimi kwa hilo. Anasikia Baraza. Nimeshawaandikia mara mbili kuhusu miti ya huku, hawakujibu. Mimi nikimwambia asimame anauliza hitilafu iko wapi."

"Na mikono ya pamba?"

"Inabeba raia yeyote. Walijua watu watakaa mbele. Inabeba hata wakiwa mia." Akajikuna shingo. "Asiyebebwa ni mimi tu. Waliogopa itaniondoa nikiwa kazini chini ya mtambo. Mimi nikiwa mbele anazima kabi..."

Akaachia hapo. Alikuwa amekwisha kuona jinsi yule bibi anavyomtazama.

"Usinitazame hivyo. Miaka kumi na tano nimesomea kazi hii. Nikilala mbele ya mtambo wangu mwenyewe, kesho niko nje ya geti, na hakuna jiji lingine lenye Jongoo."

Sikudhani hakumbembeleza. Alitoka majini, kama alivyoahidi, akavaa ndala, akapanda kilima. Bi Somoe akamfuata na beseni lake kichwani. "Sasa unakata tamaa?"

"Nani kakwambia? Nenda kwangu uniletee kile cheti. Halafu pita kila nyumba, waambie wanawake wajifunge kanga. Tuna msiba."

"Nani kafa?"

"Bado hajafa. Ndiyo haraka yenyewe."

Saa nne kasoro robo Mihayo alisikia kilio. Akainua kichwa, akaona wanawake wanashuka kwa mstari mmoja kutoka mtaani, arobaini, hamsini, kanga viunoni, wengine wamebeba mikeka. Wakatandika ukingoni juu ya Jiwe la Kobe, wakakaa miguu wameinyoosha, kama wanavyokaa wafiwa.

"Mluluuu!" akalia Sikudhani. "Umetuosha tukiwa wachanga, leo nani atatuosha tukiwa maiti?"

Wengine walianza kwa mzaha, hilo lisifichwe. Kuna waliokuwa wakitazamana pembeni ya kanga wakibana kicheko. Lakini Bi Somoe, aliyekuja akihema na cheti kwapani, alikaa, akatazama yale maji yaliyokuwa yanakuja kwisha, akakumbuka kitu ambacho hakumwambia mtu, na kilio chake kikatoka cha kweli. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Jongoo alikuwa mita mia mbili chini yao, anakuja, anatafuna, miguu yake ikigonga mawe kama mvua kwenye bati.

Sikudhani akasimama.

"Jamani, msiba gani huu hauna mtani?"

"Hauna mtani!" wakaitikia.

"Maiti anazikwa, na mzikaji mwenyewe ni mtani wetu, na hajatukana, hajacheza, hajaingia kaburini! Tabora ndivyo wanavyozikana hivyo?"

Mihayo akajaribu kucheka. "Bibi, mto sio mtu."

"Sikukuuliza kama ni mtu. Nimeuliza mtani yuko wapi."

Kwa asiyejua: watani ndio wanaoruhusiwa kufanya msibani kile ambacho mfiwa hawezi. Wakati wengine wanalia, mtani huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Jeneza likitaka kushushwa, mtani hujilaza kaburini na kukataa kutoka, na hakuna wa kumtoa kwa nguvu, si sheikh, si padri, si diwani. Mazishi husimama. Mtani husimamisha kifo kidogo, ili walio hai wapate pumzi.

Na mtani anayeitwa msibani akakataa, huyo habari zake husafiri kuliko yeye.

Lakini aibu siyo iliyomshika Mihayo pale. Kilichomshika ni mama yake. Miaka tisa iliyopita, Tabora, alisimama ukingoni mwa kaburi la mama yake akiwa hajatoa chozi siku tatu. Ndipo jirani mmoja, mwanamke wa Kiluguru aliyeolewa kule, akaingia kaburini amevaa gauni la marehemu, akatembea kama marehemu, nyonga ile mbovu ya kushoto, na kusema kwa sauti ya marehemu, "Mihayo umekula? Usiongeze chumvi, chumvi inaisha!" Mihayo alicheka. Kile kicheko ndicho kilichofungua mlango, na machozi yakapita hapohapo. Jina la yule mwanamke hakuwahi kuliuliza. Deni lake, kama ni deni, lilikuwa limekaa miaka tisa bila mahali pa kulipwa.

Mita mia. Themanini.

Akavua kofia ngumu, akamkabidhi Bi Somoe. Akavua saa ya mawasiliano, akafikiri, akairudisha mkononi. Kisha akaingia mtoni mzimamzima na viatu, akalala chali mbele ya Jiwe la Kobe, maji yakampanda hadi masikioni.

"Hazikwi mtu hapa!" akanguruma. "Nyie Waluguru mna haraka ya pilau! Marehemu bado anapumua, mnamchimbia! Nimemshika mapigo, haya hapa, yananiingia kwenye suruali!"

Kicheko na kilio vikatoka ukingoni kwa pamoja.

Jongoo akasimama. Miguu mia mbili na arobaini ikatulia mmoja baada ya mwingine, kutoka kichwani hadi mkiani, na tumbo lake likaacha kusaga. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi watu wakausikia mto.

"Mhandisi Mihayo," akasema Jongoo, "kuna hitilafu?"

"Ipo. Mfiwa hajaridhika."

"Hitilafu hiyo haimo kwenye orodha yangu."

"Iandike."

Saa yake ikalia mara kumi na moja kabla hajaipokea. Sauti ya mkuu wake wa kazi ilisikika hadi mikekani. "Kapela! Una wazimu? Toka mbele ya mtambo, hilo ni agizo!"

"Siwezi, bosi. Niko msibani."

"Msiba wa nani?"

Mihayo akatazama juu, kwenye majani. "Nitakwambia saa nane," akasema, akakata.

Wakamlisha vitumbua akiwa amelala. Alilalamika vina mafuta, maana mtani lazima alalamike. Midomo ilipogeuka zambarau kwa baridi, wanawake wakamfunika kwa kanga, zikalowa, wakamfunika kwa nyingine.

Saa nane na dakika chache Msikizi akazungumza. "Nimemaliza. Mthibitishaji yupo?"

Sikudhani akakiinua cheti mbele ya sikio dogo lililobandikwa kwenye mti. Miaka ishirini na miwili alikuwa anakifuta vumbi kila Ijumaa. "Sikudhani binti Mkude," akasema. "Sikio Bora. Mimi ndiye niliyekufundisha kuwatupa."

"Ninakutambua," Msikizi akasema. "Sauti yako ndiyo ya kwanza kwenye kumbukumbu zangu. Ulisema: huyu namjua."

Sikudhani hakutegemea hilo. Akakaa mkekani, akavaa visikizi, akafumba macho.

Tsik.

"Ndege," akasema.

Tsik, tsik.

"Ndege. Huyu mwingine, huyu ana kwikwi."

Bi Somoe alihesabu kwa mawe, jiwe moja kwa kila ndege, akiyapanga juu ya mkeka. Mara nyingine Sikudhani alitikisa kichwa: "Hiyo kweli ni waya." Likawekwa jiwe la ishirini. Mtambo ukatoa mlio mfupi, na taa nyekundu za ubavuni mwa Jongoo zikageuka buluu. "Kijito cha Mlulu kimetambuliwa kuwa makao ya wageni," akasema kwa ile sauti yake ya adabu. "Ninarudi nyuma. Samahani kwa usumbufu." Vigelegele vikapasua bonde.

Sikudhani hakupiga kigelegele. Aliendelea hadi thelathini na mmoja, ndipo Msikizi akasema, "Sauti za Mlulu zimekwisha. Asante kwa kazi yako."

"Na ile milioni mia nne yote ilitoka hapa?"

"Hapana. Nyingine zilitoka kwenye vijito kumi na viwili. Sheria haizihitaji. Vijito hivyo si vijito tena."

"Lete."

"Mama, haitabadilisha..."

"Nimesema lete. Nianzie Mzumbwe." Mzumbwe ndio uliokuwa wa kwanza kuliwa.

Msikizi akaleta, na kwa kuwa alikuwa amefundishwa kusema kweli, akaeleza. "Ndege huyu mmoja alisikika Mzumbwe miaka mitano mfululizo, kati ya jiwe na daraja. Kisha bomba likawekwa. Sikio langu lilibaki kwenye nguzo ya taa. Hii ni vuli iliyofuata."

Visikizini kulikuwa na viatu. Viatu vingi, watu wakienda kazini juu ya njia mpya, baiskeli, mtoto anaimba. Na katikati yao, tsik. Kimya. Tsik. Anasogea, anarudi. Ameruka jangwa na bahari, amefika kwenye jiwe lake, na jiwe halipo, maji yanasikika chini lakini hayaonekani. Tsik.

"Aliita siku mbili," Msikizi akasema. "Siku ya tatu sikumsikia. Wala mwaka uliofuata."

Sikudhani akavivua visikizi. "Ipigie kwenye spika za Jongoo. Wote wasikie. Na Baraza nao, huko waliko."

Ikapigwa. Bonde zima likasikia viatu, na yule ndege.

Ilipokwisha, mkuu wa kazi akapiga tena, sasa kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe. "Kapela, mto wenu mmeshapewa. Toka majini."

Mihayo alijiinua kwa kiwiko, kanga zilizolowa zikimning'inia kama bwana harusi wa ajabu. "Mtani hatoki kaburini mikono mitupu, bosi. Nina dai."

"Dai gani?"

"Saruji hai ina vijidudu, na vijidudu vina amri ya kufa. Niliiandika mimi. Ukiwaambia wafe, bomba linalegea, mvua mbili linakuwa kokoto. Nataka Mzumbwe ufunuliwe. Halafu wa pili, halafu wa tatu. Kingo tutapanda miti, ya kuyashika maji yasipande majumbani, kama huku."

"Hiyo haiwezekani kujibiwa leo."

"Basi leo nalala hapa."

"Na kesho?"

"Kesho Waluguru wataniletea uji. Ni wachoyo, lakini uji watatoa."

Akajilaza tena. Jongoo, ambaye alishaanza kurudi nyuma, akasimama. "Mhandisi, nisubiri au niende?"

"Subiri. Utakuwa na kazi."

Sikudhani aliyasikia yote hayo akiwa amempa mgongo. Aliyafunga mawe thelathini na moja ya Bi Somoe ndani ya kanga, akayasogeza pembeni, akapangusa mkeka ukawa mtupu, tayari kwa hesabu nyingine. Vijito kumi na viwili, miaka saba, kila ndege na jiwe lake. Alijua itachukua siku nyingi, na kwamba mwishoni mwa kila sauti kutakuwa na ile siku ya tatu.

Mkononi alikuwa bado na cheti. Akakiweka chini, akakikalia kisipeperuke, akavaa visikizi.

"Lete mwingine," akasema.